Shangazi, wanataka kunitoa kizazi na sijazaa

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, niko Morogoro, ndoa yangu ina mwaka wa pili. Nilikuwa natokwa damu kila baada ya tendo la ndoa. Hospitali walichukua kinyama, majibu yakaja: saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 1B1, uvimbe sentimita 1.4. Daktari kasema kizazi kitolewe. Mume wangu anasema tuzae kwanza. Karatasi nimeificha kwenye ndoo ya unga mama mkwe asiione. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu, na pole. Nimeirudia barua yako, na kila mara jicho linakwama kwenye hiyo sentimita 1.4. Kabla hujaweka sahihi ya kutolewa kizazi, uliza: je, nafaa kukatwa mlango tu, mfuko ubaki?

Upasuaji huo upo. Mfaransa Daniel Dargent aliuanza kule Lyon mwaka 1987. Hukatwa mlango wa kizazi na nyama ya pembeni yake. Mfuko na ovari havitolewi. Kisha mfuko huunganishwa na uke, na pale chini hufungwa uzi imara ili mimba isiporomoke. Kwa kawaida hufanyiwa mwenye uvimbe usiozidi sentimita 2, ambao haujafika kwenye tezi za limfu. Kwa hiyo watataka MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, na tezi za nyonga zichunguzwe. Wala usitaje 1B1 peke yake, taja sentimita: kabla ya mwaka 2018 hatua hiyo ilibeba uvimbe wa hadi sentimita 4, na aliyezoea hesabu ya zamani anaweza kukuelewa vingine.

Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimba ya baada ya hapo iko kwenye hatari ya kutoka, au mtoto kuzaliwa njiti, na kujifungua ni kwa kisu. Wengi huambiwa wasubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya kujaribu. Tezi zikionekana zimeguswa, mpango unabadilika: inakuja mionzi, na mionzi ya nyonga huua ovari.

Ndiyo maana namkatalia mumeo. Kuitafuta mimba huenda mwaka, kuibeba miezi tisa, na uvimbe hauweki miadi na mtu. Ukikua ukapita kipimo, nafasi ya kubakiza kizazi imekwenda. Nenda naye kwa daktari akayasikie mwenyewe.

Daktari aliyetaja kutoa kizazi hajakosea, ndiyo tiba iliyozoeleka. Lakini ulimwambia kwamba unataka mtoto? Barua yako haisemi. Mwambie, kisha omba rufaa kwa bingwa wa saratani za wanawake, maana si kila hospitali inafanya upasuaji huu. Muhimbili si mbali na wewe, anzeni kuuliza huko. Ombeni na vile vioo vya kinyama kutoka maabara. Bingwa atataka kuvisoma upya.

Mama mkwe muache kwanza. Akija kusikia akauliza umeitoa wapi, saratani hii huletwa na kirusi kiitwacho HPV, na karibu kila aliyewahi kujamiiana hukipata, hata aliyemjua mume mmoja tu.

Kesho itoe hiyo karatasi kwenye ndoo, ikung'ute unga, toa kopi mbili. Moja mpe mumeo.