Miradi mitatu, watu sita, kamera moja: muanze na upi?

Mkuu, umesema mna miradi mitatu mezani: filamu fupi ya kutisha, tamthilia ya mtandaoni ya vipande vifupi, na dokumentari ndefu ya mafundi wazee. Mko sita, kamera moja, kila mtu ana ajira yake. Waliotangulia wamekujibu kwa hesabu za pesa. Mimi nimekaa miaka kadhaa kwenye kikundi cha aina yenu, mara msaidizi wa muongozaji, mara mshika maiki, na naona cha kuangalia kwanza ni muda, kwa sababu kila mradi hapo unakula muda kwa namna yake.

Dokumentari ianze sasa hivi, ila kamera ibaki nyumbani. Nendeni mkawazoee hao wazee, mjue nani anaongea na nani anajibu kwa kichwa tu. Mtu hafunguki siku ya kwanza akiona taa na waya. Watu wawili wanatosha, wa kamera na wa sauti, kwa hiyo kazi hii inaweza kwenda polepole pembeni bila kuwachosha wengine. Idhini za maandishi zichukuliwe mapema. Ukingoja hadi mwisho, mzee anaweza kuwa ameshafariki, na kuomba sahihi kwa wanawe ni shughuli nyingine kabisa.

Mradi wa kukamilisha kwanza ni filamu fupi. Kwa desturi ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa dakika moja ya filamu, basi andikeni kurasa nane, kumi ikizidi. Kanuni za tuzo za Oscar zinaita filamu fupi chochote kisichozidi dakika 40 pamoja na orodha ya majina, lakini mwandaaji wa tamasha akiwa na saa moja na nusu ya kujaza, ya dakika tisa humpa nafasi kirahisi kuliko ya thelathini.

Na kwa kuwa ni ya kutisha, nguvu kubwa iende kwenye sauti. Picha yenye chembechembe mtazamaji huivumilia, hata huidhania ni ya makusudi. Maneno yasiyosikika mtazamaji hayavumilii. Kila chumba mnachoshuti, wote nyamazeni nusu dakika mrekodi ukimya wake wa kuzibia mapengo ya sauti, mhariri atawashukuru. Friji izimwe, na funguo za gari ziwekwe humo ndani, hapo hamtaondoka mkasahau kuiwasha. Giza nalo linahitaji taa. Ukizima kila kitu kamera itakupa matope tu.

Kushuti wikiendi tu kunawezekana. Muongozaji Christopher Nolan alishuti filamu yake Following, iliyotoka 1998, siku za Jumamosi kwa karibu mwaka mzima kwa sababu wenzake walikuwa na ajira, na walifanya mazoezi mengi ili wasipoteze mkanda. Shida ni mwendelezo, yaani kila kitu kionekane kilekile sini hadi sini. Mwigizaji wetu mkuu aliwahi kupata kazi mpya katikati ya filamu, akaja amenyoa rasta zote. Sini zilizobaki tulizishuti kwa mgongo, kofia kichwani, na mbili tukazifuta. Siku hizi mwigizaji mwenye sini nyingi tunammaliza mapema, hata kama ni kuruka mpangilio wote wa hadithi.

Tamthilia iwe ya mwisho, najua ndiyo mnayoipenda kuliko zote. Inataka sura zilezile, nyumba ileile na morali ileile kwa miezi, na watu wanaojitolea hupungua. Msirushe kipande cha kwanza kabla vyote havijahaririwa. Nimeona vikundi vikirusha viwili, mashabiki wakaulizia cha tatu hadi wakachoka. Na bango lisitangulie skripti, jamani, huo ugonjwa uko kila mahali.

Muziki: wimbo maarufu una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na zinaweza kuwa mikononi mwa watu tofauti. Tafuteni kijana anayepiga ala awatungie, mwandikiane.

Filamu fupi ikiisha msikimbilie kuipandisha YouTube. Matamasha mengine hukataa kazi iliyokwisha kuonekana hadharani, kwa hiyo someni masharti ya kila moja kwanza. Kwa majaji tumieni kiungo chenye nywila.