Shanga 32 si za kila joto

Wadogo zangu mlioingia mwaka huu kwenye integrali za njia (kuiga atomi kwa kompyuta, kila kiini kikiwa pete ya nakala zake, yaani shanga), nawapenda, lakini hizi faili za mipangilio za 300 K mnazorithishana zinanichosha.

1. Hesabu shanga kabla ya kuomba muda wa klasta. Kwenye barafu, mtetemo wa O–H (kifungo cha oksijeni na haidrojeni) uko karibu 3,300 cm⁻¹. Kwa 300 K, kT, yaani nishati ya joto, ni kama 208 cm⁻¹, kwa hiyo shanga 32 zinatosha kuanzia. Sasa, kijana mmoja makini sana alichukua faili hiyo hiyo akabadilisha mstari mmoja tu, wa joto: 100 K. Alitaka kulinganisha ujazo wa barafu ya kawaida na ya dutiriamu (haidrojeni nzito). Grafu zikatoka safi, tukafurahi naye. Lakini zidisheni shanga kwa joto, jibu lisishuke: 32 kwa 300 ni 9,600, 32 kwa 100 ni 3,200. Pete ilikuwa na theluthi ya shanga ilizohitaji. Nishati mwendo ya haidrojeni, ambayo kwenye barafu ni karibu 150 meV, ilikuwa imeshuka vibaya. Na tofauti aliyokuwa akiitafuta ni takriban 0.1%: barafu ya dutiriamu ndiyo yenye ujazo mkubwa kidogo, kinyume na mnavyotarajia kwa isotopu nzito. Kitu kidogo hivyo hakiwezi kupona mbele ya shanga pungufu. Kazi yote ikarudiwa kwa shanga 96. Kinachoniuma ni kwamba safu ya nishati mwendo ilikuwemo kwenye faili la matokeo tangu mwanzo, na hakuna aliyeifungua.

2. Anayedhani ukwanta wa viini ni suala la urembo aitazame KDP, fuwele ya potasiamu dihidrojeni fosfati: weka dutiriamu mahali pa haidrojeni, joto la mpito wake wa feroelektriki linapanda kutoka karibu 122 K hadi zaidi ya 210 K.

3. Themostati (kidhibiti joto) iwe ya Langevin, yenye msukumo wa nasibu, kwa kila modi, yaani kila mtindo wa mtetemo wa pete. Themostati ya Nosé–Hoover, isiyo na unasibu, moja tu kwa pete nzima, hapana.

4. Kupima nishati mwendo, tumieni kikadirio cha virial cha sentroidi (kitovu cha pete). Kile cha moja kwa moja hupiga kelele zaidi kila mkiongeza shanga.

5. Modeli za kukadiria nguvu kati ya atomi zilizofunzwa kwa fremu za simulesheni ya kawaida, isiyo na pete, hazijawahi kuona O–H iliyovutika kiasi cha shanga zenu. Chukueni fremu kutoka kwenye pete yenyewe, mrudie DFT (hesabu ya kikwanta ya elektroni), mfunze upya, ndipo mniletee grafu.