Kabla hujafungua chupa, weka pembeni hizo peasi zilizoiva

Mkuu, zima jiko kwanza. Umeandika una peasi sita "zimeiva vizuri, zinabonyea", una chupa ya mvinyo mwekundu, na Jumamosi una wageni unaotaka kuwapikia peras al vino, zile peasi za Kihispania zinazotokoswa ndani ya mvinyo. Ukauliza mvinyo gani unafaa, sukari kiasi gani, zinaliwa na nini, na kama zinaweza kukaa kwenye friji siku mbili. Nilipofika hapo kwenye "zinabonyea" moyo ulinipasuka. Hizo kula leo hii, umesimama hapohapo jikoni. Usizipike.

Nimeishi Logroño, kule La Rioja, ambako mvinyo haukosekani mezani na peasi zinalimwa jirani tu, Rincón de Soto, mpaka jina lake limelindwa kisheria. Na bado niliharibu. Ilikuwa Jumapili, watu tisa mezani, wakwe zangu watarajiwa ndio mara yao ya kwanza kula kwangu. Nilifuata video ya jamaa mmoja aliyesema bila kupepesa macho kwamba peasi ikiiva zaidi ndiyo inayonyonya mvinyo vizuri. Nikamwamini. Nikanunua peasi 12 siku nne kabla, nikaziacha mezani ziive, kila asubuhi nazigeuza kama kuku anavyogeuza mayai yake. Nikazimwagia chupa mbili za crianza, mvinyo uliokaa kwenye pipa mwaka mzima, nikaona hapa nimewaheshimu wazee.

Baada ya dakika 12 nikafunua sufuria. Shingo za peasi zote zimeinama. Nikashika kikonyo cha moja niinue, kikonyo kikaja peke yake, peasi ikabaki chini. Ya pili ikakatika kiunoni. Nikajaribu kuziokoa kwa upawa, zikageuka uji wa zambarau wenye chengachenga kama mchanga. Basi nikasema angalau nikaushe ule mvinyo niupate mchuzi mzito, maana chupa mbili si mchezo. Wapi! Mabaki ya peasi yalishika chini yakaungua, mvinyo wote ukanuka moshi. Peasi zimekwenda, mvinyo umekwenda, na mama mkwe yuko sebuleni anauliza kama nahitaji msaada.

Na asije mtu hapa kusema sijui kupika. Pilau yangu imewahi kugombanisha watu waliokuwa wanapendana.

Yule jamaa wa video sijamsamehe mpaka leo. Usiku ule niliirudia video yake polepole. Peasi alizopika yeye zilikuwa za kijani, ngumu, alipoweka moja kwenye ubao ilisikika "ko!". Yaani anasema hili, mikono yake inafanya lile, na watu wanaharibu chakula chao kwa kumsikiliza!

Peasi huiva kuanzia ndani kuja nje. Ukiona ubavu unabonyea, ujue kule karibu na mbegu kumeshalegea zamani. Ukiongeza moto hapo hakuna kinachoishikilia. Ngumu ndiyo inayovumilia jiko, inalainika taratibu huku inakunywa mvinyo, na umbo lake linabaki.

Mama mkwe ndiye aliyeninyoosha wiki iliyofuata. Alichukua Conference, zile ndefu zenye ganda la kijani lenye mabaka ya kahawia. Akazimenya, vikonyo akaviacha. Peasi sita, mvinyo mililita 750, sukari gramu 150, kijiti kimoja cha mdalasini, na ganda la limau lile la njano tu, weupe wake unachachua ulimi kwa uchungu. Moto mdogo, viputo vya hapa na pale, nusu saa mpaka dakika 40, anazigeuza kila mara. Anachoma kwa kijiti cha meno: kikipita huku kinakaza kidogo, anazitoa. Mvinyo unabaki peke yake jikoni mpaka uwe mzito kama shira ya kaimati changa, kisha peasi zinarudi humo zilale usiku kucha. Kesho yake ukikata moja unakuta moyo mweupe umezungukwa na pete ya zambarau.

Mvinyo wenyewe uwe mkavu, wa bei ya kawaida. Ule mtamu ukiongeza na sukari utawachosha wageni. Na usitumie sufuria ya alumini, mvinyo una asidi, utapata ladha ya chuma. Tumia ya stili.

Lakini mvinyo hauwezi kuokoa peasi laini, kwa hiyo rudi sokoni kesho asubuhi. Bonyeza karibu na kikonyo. Kidole kikizama hata kidogo, irudishe. Zile za Lushoto zikiwa bado ngumu zinafaa. Muuzaji akikwambia, "Hizo bado, dada, subiri nikuchagulie zilizoiva," mwambie akufungie hizohizo sita.