Mtumishi mpya wa Bunge aanzie kwenye randama

Bunge jipya likianza, wabunge hupewa semina ya kanuni na magazeti yakaandika. Watumishi wapya watakaowahudumia wabunge hao hakuna anayewaandika. Nimefanya kazi za kamati pale Dodoma kwa miaka mingi, na nimekabidhiwa vijana wa kila aina: wanasheria, wachumi, watu wa kumbukumbu. Ukiniuliza leo nawaanzishia wapi, nitakujibu randama, kile kitabu cha bajeti cha wizara.

Semina elekezi za utumishi wa umma mnazijua. Ukumbi, projekta, maadili, taratibu za likizo, namna ya kujaza PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa watumishi), chai na sambusa, picha ya pamoja. Sina ugomvi nazo, mtu lazima ajue haki na wajibu wake. Ila kijana anaweza kutoka pale na cheti mkononi na bado asijue afanye nini siku Mwenyekiti wa kamati atakapomgeukia na kumuuliza, "Katibu, mwaka jana tulishauri nini hapa?"

Randama ni kitabu ambacho wizara inaleta kwenye kamati kufafanua makadirio yake: kiasi kilichoidhinishwa, kilichopokelewa, kinachoombwa sasa. Mpe kijana randama ya mwaka jana ya wizara moja, taarifa ya kamati iliyosomwa bungeni kuhusu wizara hiyo, na Hansard ya siku ile, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Mwambie achague jambo moja tu, tuseme mradi wa maji ambao fedha zake zilitoka pungufu, alifuatilie. Nani aliuliza? Waziri alijibu nini? Kamati ilishauri nini? Randama ya mwaka huu inasemaje?

Kuna mwanasheria mmoja ambaye namba zilikuwa zinamkosesha raha. Alinijia na kalamu nyekundu: "Mzee, fedha zilizopokelewa kwenye taarifa hazilingani na za kwenye randama." Tukakaa, tukapekua. Kumbe takwimu moja iliishia Februari, nyingine Machi. Tangu siku ile hakuwahi kuniandikia kiasi cha fedha bila kuweka tarehe pembeni. Somo kama hilo sijui ungelifundishaje kwa projekta.

Hayo yote yafanyike kabla kamati hazijaanza kuchambua bajeti. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kwenda hadi Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kamati hukutana wiki kadhaa kabla. Ukimpokea mtu Aprili ukamwambia atajifunza hukohuko kazini, umejipatia mbeba makabrasha.

Ukumbini, mkalishe akiwa amefungua Kanuni za Kudumu. Mbunge akisimama na kusema "taarifa", mwingine akadai "kuhusu utaratibu", wa tatu akaomba mwongozo wa Spika, kijana aseme tofauti zake kabla Kiti, yaani anayeongoza kikao, hakijaamua. Anayeomba utaratibu anadai kanuni inavunjwa, kwa hiyo aitaje. Anayetoa taarifa anaongezea jambo kwenye maneno ya mwenzake. Na kwenye Kamati ya Matumizi, Bunge zima linapopitia makadirio ya wizara, mbunge akitishia kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, asidhani ni mzaha. Ndiyo njia ya kumbana Waziri atoe maelezo ya kisera. Siku moja pia akae na watu wa Hansard. Atajua kwa nini tunasisitiza kipaza sauti kiwashwe kabla mtu hajaanza kuongea.

Lugha nayo inataka mazoezi. Mabadiliko ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, lakini sheria nyingi za zamani bado utazisoma kwa Kiingereza huku kamati ikijadili kwa Kiswahili. Mpe kifungu, mwambie akueleze kwa mdomo, bila kusoma.

Jambo linalorukwa sana ni namna ya kukataa. Mheshimiwa atamvuta pembeni kijana wako kwenye korido na kumwambia kwa upole, "Mdogo wangu, hebu nidokeze, yule mwenzangu kesho ataibua nini?" Hapo maadili ya kwenye karatasi hayamsaidii. Mimi huwa nafanya igizo: najifanya mheshimiwa, namsifia, kisha namkasirikia. Ajizoeze kusema "Mheshimiwa, hilo naomba umuulize mwenyewe" mpaka imtoke bila kutetemeka. Na kwenye kuandika, asithubutu kuweka "Kamati inashauri" kama kamati haikushauri, hata kama wazo lake ni zuri. Wazo zuri aliandikie dokezo, wajumbe waamue.

Mlezi wake usimchague kwa cheo. Mtu anayeitwa kwenye vikao asubuhi hadi usiku hawezi kumlea mwingine. Nimeona wasaidizi wa ngazi ya kati wakilea vizuri kuliko wakuu wao, kwa sababu bado wanakumbuka walichokuwa hawakijui.

Julai, Bunge likishatulia, mwite kila mmoja umuulize ni swali gani aliulizwa likamshinda. Yaandike yote na uyaweke kwenye faili la watakaokuja. Langu lina mambo ambayo hayapo kwenye mtaala wowote: zinahitajika nakala ngapi, nani anasaini Mwenyekiti akiwa safarini, ufanyeje Waziri akileta majibu dakika kumi kabla ya kikao.