Zuhura, kutoka kuna kazi

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza ubaki na utafiti wako wa eksportini, protini inayotoa mizigo ndani ya kiini cha seli, au urudi wodini. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara namkumbuka marehemu shangazi yako.

Unajua msemo wangu: kutoka kuna kazi kuliko kuingia. Utando wa kiini cha seli una maelfu ya vitundu, lakini RNA, nakala ya maagizo ya jeni, haijitokei tu. RNA mjumbe, ile inayopeleka maagizo ya kutengeneza protini, huwa na mchukuzi wake, protini ya NXF1, na kwa kawaida haibebwi mpaka introni, vipande visivyohitajika, zimekatwa. Protini kubwa nayo sharti iwe na alama, kipande kifupi chenye lusini nyingi, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Eksportini huishika pamoja na Ran, protini ndogo iliyobeba molekuli ya nishati iitwayo GTP, wanapenya watatu. Huko nje GTP ikishavunjwa, mzigo unaachiwa.

Mwaka 1996, matangani kwa shangazi yako, baba yako mkubwa aliniuliza mbele za watu: "Wewe si mwalimu wa biolojia? Hicho kidudu kinatushindaje?" Nikanyamaza. Hadi leo naona haya.

Baadaye sana ndipo nikasoma. Virusi vya UKIMWI vinataka RNA itoke nzima, haijakatwa, nayo mlangoni ingezuiwa. Basi vinatanguliza ujumbe uliokatwa, unaotoka kwa njia ya kawaida na kutengeneza protini ya Rev. Rev inarudi ndani, inaishika ile RNA nzima, na kumwonyesha eksportini alama ya lusini. Alama hiyo iligunduliwa kwenye Rev mwaka 1995, Zuhura! Mwaka mmoja kabla ya matanga. Sehemu ya jibu ilikwisha kutoka maabara, ila huku Tanga ilikuwa haijanifikia.

Nikasema basi mlango ufungwe. Wewe ukanisahihisha, Idi ile tuliyokula kwa bibi yako: mlango huohuo hupitisha mizigo yetu wenyewe, na kemikali ya leptomisini inayoufunga kabisa ni sumu. Kweli. Lakini mbona dawa ya selinexor, inayomzuia eksportini huyohuyo, iliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa mailoma, saratani ya seli za uboho? Kumbe hufungika kwa kiasi. Ingawa hao nao wagonjwa huteseka kwa kichefuchefu, na anayewashika mkono ni daktari wa wodini.

Sikuamulii. Mama yako kanikataza, na nimemwahidi. Ila ukienda wodini, lile daftari la maabara usimpe mtu.

Baba yako