Je, kompyuta sita zinaweza kufanya kazi kama moja?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la steshenari lenye kompyuta sita. Msimu wa mahafali moja huhenyeka kutwa kucha kuhariri video, huku tano zikingoja mteja wa kuchapiwa barua. Mdogo wangu anayesomea kompyuta ananiambia ipo mifumo endeshi ya majaribio inayozifanya kompyuta nyingi ziwe kama moja. Ilikusudiwa nini hasa, nami itanifaa?
Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Mdogo wako hakukosea. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiendesha kompyuta, na mmojawapo wa hiyo ya majaribio ni Amoeba, uliobuniwa na Andrew Tanenbaum na wenzake katika chuo kikuu cha Vrije Universiteit, Amsterdam, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lengo lake kuu lilikuwa mtumiaji aagize kazi bila kuhitaji kujua ni mashine ipi inayoitekeleza, wala faili lake limelala kwenye diski ipi.

Jirani zako wa Mbozi wangelielewa jambo hili upesi, kwani huko ukitaja CPU mkulima hafikirii prosesa, yaani kile kipande cha kompyuta kinachopiga hesabu zake zote, bali mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa mbivu. Badala ya kila kaya kuwa na kimashine cha mkono kinachokaa bure sehemu kubwa ya mwaka, wanakikundi hupeleka kahawa yao mtamboni. Amoeba nayo ilikusanya prosesa mahali pamoja, mezani kwa mtumiaji pakabaki skrini na kibodi. Programu iliyohitaji nguvu ilipewa prosesa kadhaa, na ilipomaliza zikarudi kundini kumngojea mwingine. Mafaili yalikuwa na seva yake, yaani programu ya kuyatunza na kuyagawa, ambayo, kwa ukali ninaoupenda, haikuruhusu faili lililokwisha kuhifadhiwa kuguswa: ukitaka kusahihisha hata neno moja, uliunda toleo jipya.

Matumizi yake yalikuwa hasa ya utafiti, kama vile kugawia prosesa nyingi hesabu ya kutafuta njia fupi kuliko zote ya kupitia miji mingi. Guido van Rossum, aliyekuwa akiufanyia kazi mfumo huo, aliona inahitajika lugha nyepesi ya kuandikia programu za kuusimamia, na Desemba 1989 akaanza kuunda Python, ambayo huenda ndiyo anayofundishwa mdogo wako sasa.

Dukani kwako, hata hivyo, sikushauri. Programu yako ya video haikuandikwa kwa ajili ya mfumo huo, na kompyuta kuwa nyingi hakusaidii ikiwa programu yenyewe haijui kuigawa kazi yake vipande vipande. Tena video ni nzito, na muda unaookoa kwenye prosesa unaweza kuupoteza ukiisafirisha kwenye waya. Ziunganishe kompyuta zako kwa mtandao wa kawaida ili zichangie mafaili na printa, kisha mahafali ya kila shule yapewe kompyuta yake, na ibaki moja ya kuchapia barua.