Jibu: TIFF za skena zisizofunguka kwenye simu

Mwalimu, nimesoma swali lako: karatasi za marehemu baba ziliskaniwa hapo Goma kwa TIFF, aina nzito ya faili ya picha, mdogo wako aliye Kanada hawezi kuzifungua kwenye simu, na kila ukijaribu kutuma mega zinaisha njiani. Mimi nafanya kopi na skani hapa Nyawera, Bukavu, na kazi ya namna hiyo huletwa kwangu mara kwa mara.

Usizigeuze zote JPEG, ile aina nyepesi ya faili ya picha, kwa mkupuo, ingawa wengi watakushauri hivyo. Zitenganishe kwanza: picha za watu, karatasi zenye muhuri wa rangi, na maandishi meusi matupu.

Uzito unatoka hapa. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, una pikseli (vinukta vya picha) 2480 kwa 3508. Pikseli ya rangi inakula baiti 3, kwa hiyo ukurasa mmoja usiobanwa unafika karibu megabaiti 26. Ukiwa wa kijivu ni theluthi ya hapo. Ukiwa mweusi na mweupe tu, hauzidi sana megabaiti 1 hata kabla ya kubanwa. Sasa barua ya taipu inabeba rangi ya nini? Ifanye nyeusi na nyeupe, uiweke ndani ya PDF kwa mbano wa Group 4, ule wa mashine za faksi. Haupotezi nukta hata moja, na mara nyingi ukurasa unashuka chini ya kilobaiti 100. Ila yaliyoandikwa kwa penseli yaache kijivu, la sivyo yatafutika.

Picha za watu ndizo za JPEG hasa. Ubora wa 85 kwa 100 unatosha, na simu yoyote itazifungua. PNG, aina nyingine ya faili ya picha, nayo inafunguka kila mahali, lakini kwa picha za skena bado ni nzito mno.

Penye kuhitaji uangalifu ni karatasi zenye muhuri wa rangi, kama hati ya parsele (kiwanja). JPEG hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa yale ambayo jicho haliyajali sana, na rangi ndiyo hutupwa kwanza. Chukua muhuri wa zambarau uliopigwa juu ya sahihi nyeusi, uubane kwa ubora wa 50, halafu uukuze. Utaona vumbi pembeni mwa kila herufi, na zambarau imevuka mstari wake hadi jina lililo ndani ya duara halisomeki. Ofisini watakurudisha na karatasi yako. Karatasi hizo zipe 90 au zaidi. ImageMagick, programu ya kugeuza picha, ikifika 90 haipunguzi tena pikseli za rangi.

Kwenye Windows, programu ya IrfanView inatosha: bonyeza B, ongeza faili, chagua JPG, weka ubora, na folda ya kupokea iwe nyingine. Kwenye Linux, tengeneza kwanza folda iitwayo nyepesi, kisha andika amri hii ya ImageMagick:

mogrify -path nyepesi -format jpg -quality 90 *.tif

Usisahau -path na -format, maana bila hizo mogrify huandika juu ya faili asili. TIFF yenye kurasa nyingi itatoa JPEG moja kwa kila ukurasa, usishtuke. Na kwa umeme wetu huu wa kukatika, fanya folda ndogo ndogo.

Ukitaka kuziunganisha, programu ya img2pdf huingiza JPEG ndani ya PDF bila kuzibana upya. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kila JPEG inapofunguliwa, ikarekebishwa na kuhifadhiwa tena, inapoteza kidogo. Ndiyo maana TIFF zenyewe usizifute: ziweke kwenye diski ya nje, na marekebisho yoyote yaanzie huko.

Kwa WhatsApp, mtumie mdogo wako kama hati, si kama picha. Ukituma kama picha, inabanwa tena na ule muhuri unaharibika palepale.